Maua Madogo ya Manjano Wakati wa Masika: Namna ya Kuyatambua na Kuyapiga Picha

Mvua za masika zikisha kukolea katika nchi ya Kwale, aghalabu mwezi wa Aprili na Mei, ardhi hugeuka rangi. Kandokando ya barabara itokayo Likoni kwenda Diani na Msambweni, chini ya minazi na mikorosho, katika mashamba ya mahindi na muhogo, na huko juu katika mbuga za vilima vya Shimba, hutokea maua madogo ya manjano, mengine hayazidi ukubwa wa kifungo cha shati. Watu wengi huyapita bila kuyatazama. Ukiwauliza ni maua gani, watakujibu, "Ni magugu tu," na shauri limekwisha.

Lakini katika hayo yaitwayo magugu mna mboga ambayo mama zetu huipika kwa tui. Mna mmea urutubishao ardhi, na ndugu zake wanaoweza kudhuru ini la ng'ombe. Mna mwiba utoboao mguu na mpira wa baiskeli. Tena mna mmea mmoja ambao haujitafutii chakula chake wenyewe, bali hushika mizizi ya kunde na kuinyonya. Yote hayo yana maua ya manjano. Mtu asiyejua kuyapambanua aweza kuing'oa mboga na kuuacha mnyonyaji.

Katika makala hii twataka kukueleza, wewe mkulima, namna ya kuyatambua baadhi ya maua hayo, na namna ya kuyapiga picha kwa simu yako ya mkononi, ili mtu aliye mbali, kama vile Afisa wa Kilimo, aweze kuitazama picha na kukwambia ni mmea gani. Picha nyingi ziletwazo kwetu ni nzuri kwa kutundika ukutani, lakini hazifai kutambulisha mmea. Ni doa la manjano tu katikati ya majani.

Huenda ukasema kwamba ua dogo haliwezi kuwa na jambo kubwa. Basi sikiliza habari hii. Katika miaka ya 1950, huko Marekani katika jimbo la North Carolina, wakulima waliona mahindi yao yakidumaa na kunyauka. Walidhani ni upungufu wa mbolea, au wadudu wa mizizi. Mwaka 1956 mwanafunzi mmoja aliyetoka India aliitazama mimea midogo yenye maua mekundu iliyokuwa katikati ya mahindi, akaitambua, kwa kuwa alikuwa ameiona kwao. Ilikuwa kiduha, gugu ambalo hunyonya mizizi ya mahindi na mtama. Serikali ya Marekani ilifanya kazi miaka mingi na kutumia fedha nyingi kuliondoa katika eneo lililozidi ekari 400,000. Gugu lilikuwa mbele ya macho ya watu siku zote, lakini hapakuwa na mtu wa kulitaja jina. Kiduha cha namna hiyo hiyo kipo hata katika mahindi ya Pwani yetu, na ua lake kwa kawaida ni jekundu. Jamaa yake mwenye ua la manjano, ambaye hushika kunde, tutamweleza mbele.

RANGI PEKEE HAITOSHI

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba rangi ya manjano pekee haikwambii kitu. Nyuki na wadudu wengine huiona rangi hiyo vizuri, na kwa hiyo mimea ya koo mbalimbali kabisa, isiyo na udugu wowote, imevaa nguo moja. Ukitaka kumjua mwenye nguo, tazama mambo mengine: shina, jani, umbo la ua, na tunda.

Anza kwa kukata jani moja au kulivunja shina. Je, hutoka maziwa meupe? Yakitoka, na ua likiwa la manjano lenye vipande vingi vyembamba kama nyuzi bapa, basi huenda ni mchunga, ambao Wadigo huuita mtsunga, na wataalamu huuita Launaea cornuta. Majani yake ni marefu, mengi yake hutoka chini karibu na ardhi, na kingo zake zina pembe zilizochongoka. Uchungu wake wajulikana na kila mtu wa Pwani, na wako wasioweza kula ugali bila uchungu huo. Ukitazama kila kipande cha ua lake kwa makini, utaona ncha yake imekatika mraba na ina meno madogo matano. Mbegu zake zina manyoya meupe, huruka na upepo. Tena mchunga una mashina yatambaayo chini ya ardhi, na ndiyo sababu ukiulima leo huchipuka tena baada ya mvua moja. Huko ufukweni Diani, juu ya mchanga mtupu, utamwona ndugu yake atambaaye kwa kamba ndefu na kutia mizizi kila kifundo. Huyo ni Launaea sarmentosa. Usimng'oe pasipo sababu, maana hushika mchanga.

Ikiwa hapana maziwa, lakini ua lafanana na alizeti ndogo, basi umo katika ukoo mkubwa wa alizeti. Hapa pana jambo ambalo huwashangaza watu: kile unachokiita ua moja ni maua mengi madogo yaliyokaa pamoja katika kikombe kimoja. Ya pembeni yana ulimi, na ya katikati ni kama vibomba vidogo. Tazama pembeni ni rangi gani. Kishona nguo, ambaye mbegu zake hunasa katika kanga na suruali, ana manjano katikati tu. Pembeni ni peupe, au hapana kitu. Tridax, atambaaye katika nyua za nyumba na kandokando ya barabara, ana kichwa kimoja juu ya kikonyo kirefu chenye nywele, na ndimi zake za pembeni ni nyeupe iliyochanganyika na manjano hafifu. Wote wawili ni wageni waliotoka nchi za Amerika. Mwenyeji wetu ni Aspilia: pembeni manjano, katikati manjano, majani yakabiliana mawili mawili, na ukilipapasa jani hukwaruza kidole kama msasa. Mkwaruzo huo hauwezi kuonekana katika picha, kwa hiyo uandike.

Sasa tazama kama ua lina umbo la ua la kunde, yaani jani moja pana limesimama nyuma, mawili yako pembeni, na mbele kuna kitu kama mdomo wa ndege. Likiwa la manjano, mara nyingi na mistari myekundu au ya kahawia, na majani yakiwa matatu matatu, huenda ni moja wapo ya mimea ya ukoo wa marejea. Ngoja tunda likauke, kisha litikise karibu na sikio. Ganda lake limevimba, na mbegu hulia ndani kama kayamba. Jina lake la kitaalamu, Crotalaria, latokana na neno la Kiyunani la chombo cha kuliza namna hiyo.

Ukoo huu wahitaji uangalifu. Huko Peramiho, katika mkoa wa Ruvuma, Tanzania, wamisionari waliueneza mmea wa marejea kwa wakulima katika miaka ya 1980 ili kurutubisha ardhi na kuzuia magugu, na wengi walipata faida. Magharibi ya Kenya watu hupika majani ya aina mbili za ukoo huu na kuyaita mito au miro. Lakini aina nyingine zina sumu ambayo hula ini polepole, na mnyama aweza kuugua muda mrefu baada ya kuzila. Mwaka 1975, katika wilaya ya Sarguja huko India, watu waliugua ini na wengine wakafa, kwa sababu nafaka yao ilikuwa imechanganyika na mbegu za Crotalaria ya porini. Basi usichume majani ya marejea-pori usiyoyajua na kuyatia chunguni kwa kuwa umesikia kwamba watu wa mahali pengine huyala. Na kama mmea wa namna hiyo umeota katika shamba la mtama au mpunga, uondoe kabla ya kuvuna.

Yako maua ya manjano yenye petali tano zilizo wazi na zilizo sawa. Hayo ni mengi, na hapa ni jani litakalokusaidia. Mbigiri hutambaa chini, na jani lake limegawanyika vijani vidogo viwili viwili kama jani la ukwaju. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano vyenye miiba migumu, na hapo hahitaji kutambulishwa kwa mtu, hasa atembeaye bila viatu. Mfagio husimama wima, shina lake gumu halikatiki kwa mkono, na ua lake hufunguka jua likisha kupanda kidogo. Mlenda wa porini una ua dogo sana, lakini tazama pale jani linapoungana na kikonyo chake: utaona vijinywele viwili, kimoja kila upande, kama masharubu ya kambare. Ukiyaona masharubu hayo huna haja ya kuuliza tena. Mwingajini nao una petali tano za manjano, ila ni mrefu zaidi, na harufu yake hukuarifu kabla ya macho.

Petali zikiwa tatu, na moja ikiwa ndogo kuliko mbili nyingine, ni kongwe wa manjano, ndugu wa yule wa buluu. Zikiwa sita zilizopangika kama nyota, na majani ni membamba kama nyasi lakini yana nywele, ni Hypoxis, ambaye ana kiazi chini ya ardhi. Mtafute mahali penye nyasi fupi.

MNYONYAJI WA KUNDE

Tulisema tutamweleza jamaa ya kiduha. Jina lake la kitaalamu ni Alectra vogelii. Katika Kenya limechunguzwa sana katika nchi za Embu na Meru, na hupatikana katika sehemu nyingi za Afrika zilizo na joto na ardhi hafifu. Sisi wa Kwale twapanda kunde karibu kila shamba, mara nyingi katikati ya mahindi na muhogo, kwa hiyo hatuna budi kulijua umbo lake.

Ni mmea mdogo, wima, wenye urefu wa shubiri moja hata mbili. Shina na majani yana nywele laini. Majani ni madogo, yana meno pembeni. Ua ni la manjano hafifu, kama ndimu iliyoanza kuiva, na halina petali zilizo mbalimbali: ni kikombe kimoja kilichogawanyika sehemu tano mdomoni, na mara nyingi lina mishipa myembamba ya rangi nyekundu au zambarau. Maua hukaa juu ya shina, moja kwenye kwapa la kila jani.

Lakini alama kubwa imo ardhini. Chimbua polepole udongo ukiwa umelowa, bila kuvuta. Utaona kwamba sehemu ya mmea iliyo chini ya ardhi ina rangi ya chungwa iliyokolea, na kwamba imeshikamana na mzizi wa kunde, kwenye uvimbe. Hapo ndipo maji na chakula cha kunde kinapopita kwenda kwa mnyonyaji. Kunde iliyoshikwa hudumaa, majani yake hugeuka manjano, na maganda yake huwa machache. Hushika pia njugu mawe, karanga na soya. Mahindi haishiki.

Ubaya wake ni kwamba hufanya kazi wiki kadhaa gizani kabla ya kutokeza. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na hulala ardhini miaka mingi ikingoja. Mzizi wa kunde ukipita karibu, maji yatokayo katika mzizi huo huiamsha. Mmea mmoja hutoa maelfu mengi ya mbegu, nazo huchukuliwa na upepo, na maji ya mvua, na tope la jembe. Kwa hiyo siku ya kuuondoa ni siku ile uonapo ua la kwanza. Usingoje tunda. Ung'oe wote, uutie katika mfuko, ukauke, kisha uuchome moto. Usiutupe njiani wala katika zizi la mbuzi. Msimu ufuatao usipande kunde mahali pale. Wataalamu wamepata pia aina za kunde ambazo mnyonyaji huyu hazishindi. Mojawapo, iliyotoka Botswana na kuitwa B301, imetumiwa kama mzazi wa aina nyingine.

Lakini kabla ya kuuchoma, piga picha.

NAMNA YA KUPIGA PICHA

Si lazima uwe na kamera ya thamani. Simu ya kawaida yatosha, mradi ukumbuke kwamba simu haijui unataka nini. Kwanza pangusa kioo cha kamera. Hapa kwetu kioo hushika chumvi ya bahari na mafuta ya vidole, na picha ikawa kama imepigwa ndani ya ukungu. Tumia kitambaa laini cha pamba kilicho kikavu.

Rangi ya manjano ina taabu yake. Simu hupima nuru ya picha nzima. Ikiona udongo mweusi na majani ya kijani, hudhani ni mahali pa giza, nayo huongeza nuru. Majani hupendeza, lakini ua huungua: huwa bamba jeupe la manjano lisilo na mstari wala mkunjo. Na mistari ndiyo tuitakayo. Basi weka kidole juu ya ua katika kioo cha simu, ungoje kidogo, kisha upunguze nuru kwa kukitelezesha kidole chini, mpaka uone kila petali peke yake. Picha ikionekana nyeusi kidogo hapana neno.

Saa iliyo nzuri ni asubuhi, kama saa moja na nusu hata saa tatu, na hasa siku ya mawingu baada ya mvua ya usiku. Nuru ya mawingu huenea sawasawa. Tena wakati wa masika upepo wa kusi umekwisha kuanza, na kwa kawaida huzidi nguvu jua likipanda; ua juu ya kikonyo chembamba hucheza ngoma, na picha haishiki. Lakini usiende mapema mno, maana mfagio hautakuwa umefunguka. Na usichelewe, kwa kuwa kongwe hunyauka kabla ya adhuhuri, na maua ya mchunga hufumba jua likiwa kali. Ikiwa huna budi kupiga picha mchana, tia ua kivulini kwa mwili wako au kwa kofia. Mtu mmoja alitumia kanga nyekundu kutia kivuli, na maua yake yote yakawa ya rangi ya papai. Tulibishana naye sana kabla ya kujua sababu.

Shuka chini mpaka ua na simu vilingane. Tandika gunia ulale kifudifudi, lakini kwanza tazama kama hapana siafu. Usiisogeze simu karibu mno. Ikikaribia kupita kiasi haiwezi kuona vizuri. Kaa umbali wa shubiri moja, piga, kisha ukate picha baadaye. Kama simu yang'ang'ania kuona majani ya nyuma badala ya ua, weka kiganja chako nyuma ya ua, uibonyeze simu ishike, kisha uondoe mkono. Au uache mkono papo hapo: kiganja ni ukuta mzuri, na huonyesha ukubwa wa ua. Wengine hutia sarafu ya shilingi kando yake. Hiyo nayo ni nzuri, kwa sababu picha haina ukubwa, na ua la mlenda laweza kuonekana kama la bamia.

Picha moja haitoshi. Piga mmea mzima pale ulipoota, ili tuone kama umesimama au hutambaa, na jirani zake ni nani. Piga jani kwa juu, kisha uligeuze ulipige kwa chini, na uonyeshe pale linapoungana na shina. Piga ua kwa mbele, halafu kwa ubavu. Huo ubavu watu husahau siku zote, na huko ndiko tunakoona kama ni kikombe au petali zilizoachana. Piga tunda, likiwapo. Na ikiwa mmea umo katika kunde au karanga, chimbua mmoja pamoja na kunde yake, uoshe mizizi polepole katika beseni, uilaze juu ya kitambaa cheusi kilicholowa, upige picha mahali inaposhikana. Kwa shamba la kunde, picha hiyo ina thamani kuliko zote.

Kisha andika. Tarehe, mahali, namna ya udongo, mimea iliyopandwa, maziwa au hapana, harufu, mkwaruzo. Andika pia jina ambalo wazee wa pale huliita, ikiwa ni Kidigo au Kiduruma au Kikamba. Jina la mzee si jambo dogo. Mtaalamu P. J. Greenway, aliyekuwa Amani katika Tanganyika, alikusanya majina ya namna hiyo katika kamusi yake ya majina ya mimea ya Kiswahili, ambayo chapa yake ya pili ilitoka mwaka 1940. Ila jina moja laweza kuitwa mimea mitatu kutoka kijiji hata kijiji, na ndiyo sababu twataka jina na picha pamoja.

Ziko programu za simu ambazo hukisia jina la mmea kwa picha. Zitumie, lakini uzisikilize kama umsikilizavyo mpita njia. Katika ukoo wa alizeti na ukoo wa marejea hukosea mara kwa mara. Neno la mwisho hutoka katika mmea wenyewe uliokaushwa na kulinganishwa. Makumbusho ya Taifa huko Nairobi yana hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, ambayo mwanzo wake ulikuwa huko Amani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kwa mimea ya namna hiyo wataalamu waliandika vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1952 hata 2012, miaka 60, na kueleza aina zaidi ya 12,000. Ukiombwa kupeleka mmea, ulaze kati ya kurasa za gazeti, hata hili ukishalisoma, utie mawe juu yake, na ubadilishe karatasi kila siku, maana katika unyevu wa masika mmea huota kuvu upesi.

Neno moja kuhusu mahali. Katika hifadhi ya vilima vya Shimba usichume kitu bila ruhusa. Na katika kaya, kama vile Kaya Kinondo karibu na Diani, ambayo imo katika misitu ya kaya za Mijikenda iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, waulize wazee kwanza, hata kama wataka picha tu. Ziko sehemu wasizopenda zipigwe picha, nao ndio wenyewe.

Msimu mmoja uliopita, kijana wa upande wa Msambweni aliniletea picha kwa simu. Aliandika, "Shikamoo mzee. Kunde za mama zimedumaa, na kuna ua hili la manjano." Nilitazama: doa la manjano, jua la saa saba, na nusu ya kiatu chake. Laweza kuwa kitu chochote. Tena kosa lilikuwa langu pia, kwa kuwa nilikuwa safarini, nikakaa siku nne kabla ya kumjibu na kumwomba picha za ubavu na za mizizi. Alipokwenda shambani, mama yake alikuwa amekwisha kulima na kuwapa mbuzi magugu yote. "Mwanangu," alimwambia, "ulitaka nikungojee wewe na simu yako?" Na mama alikuwa na haki. Kwa hiyo mimea ile hatukuijua ni nini. Nilimwambia kijana apige vigingi vinne katika pembe za mahali pale, apande mahindi matupu msimu ufuatao, na kando, ndani ya vigingi, apande mstari mmoja mfupi wa kunde wa kutazamia. Mstari huo autembelee kila siku tangu wiki ya nne. Kikitokea kitu cha manjano hafifu, chenye nywele na umbo la kikombe, akichimbue asubuhi ile ile, aoshe mizizi yake katika beseni la mama yake, apige picha, atie mmea katika mfuko, ndipo anipelekee habari. Vigingi vyenyewe ni vya mkoko, na vingali vimesimama.